Sugu za Bibi Harusi

Mtu akipanda ngazi zangu, akahema, akaniambia "fundi, nipakie tu kahawia," huwa natamani kumrudisha chini kwa ngazi zilezile. Kahawia ipi? Ya mlango? Ya viatu vya shule? Ni miaka kumi na mbili sasa napaka ngozi za sanamu ndogo, kwenye chumba cha ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, juu ya maduka ya mashuka, na sijawahi kukutana na binadamu wa kahawia. Nimekutana na watu wenye wekundu wa tofali chini ya mashavu, wenye ubuluu kwenye kope, wenye umanjano kwenye paji la uso. Kahawia tupu, kama ilivyo kwenye kopo, huyo bado hajapanda.

Kazi yangu kubwa inatoka Posta, kwa wachora ramani za majengo. Wakishatengeneza mfano mdogo wa ghorofa wanataka na watu wa kusimama mbele yake, wafupi kuliko njiti ya kiberiti, ili mteja aone ukubwa wa jengo. Watu hao wanatoka ng'ambo kwenye pakiti, na wote wanakuja wa pinki. Bosi mmoja aliwahi kuniambia nisijisumbue kuwapaka, eti wakibaki hivyo jengo linaonekana la kimataifa. Nikamuuliza jengo lenyewe linajengwa wapi. Akasema Ilala. Nikawapaka wote, kila mmoja na rangi yake, mpaka mlinzi wa getini, nikampelekea na kuondoka bila kumuaga. Alinuna mwezi mzima, kisha akanipa kazi nyingine, kwa sababu mjini hapa hakumjua mtu mwingine anayeifanya.

Nasema haya ili ieleweke mapema kwamba sina tabia nzuri. Mdogo wangu husema mdomo wangu ni msasa, na yeye ndiye mwenye habari hii, kwa hiyo namwacha aseme.

Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa darasa la tatu na mimi nina miaka kumi na tisa. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro aliyeshuka mjini kijana, akawa anauza chupa za chai na sahani kwa jumla hapahapa Kariakoo, mweusi wa kung'aa, na hakuwa na habari na mtu yeyote aliyeiona rangi yake kuwa ni tatizo. Siku za msiba ndugu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mama mkubwa, dada yake mama anayeishi Ilala, aliahidi kumchukua mtoto mambo yakitulia. Kwa mama mkubwa mambo hayakutulia miaka kumi na tano. Nilimlea mimi. Nilimsuka, nilimpeleka hospitali, nilikaa kwenye vikao vya wazazi nikiwa mdogo kuliko wazazi wote, na kwenye ripoti zake nilisaini kwenye mstari uliosema mzazi.

Kwa hiyo alipochumbiwa na sendofu ikaanza kupangwa, nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka waziwazi. Nilitaka keki ya mama. Asiyezijua sherehe zetu za kumuaga binti aelewe hivi: keki ikishakatwa, bibi harusi anachukua kipande cha kwanza, anatembea nacho ukumbi wote ukimtazama, anapiga magoti mbele ya mama yake na kumlisha. Vipande vinavyofuata ni adabu. Kile cha kwanza kinautangazia ukumbi nani alimzaa, na kama aliyemzaa hayupo, nani alimlea.

Mama mkubwa naye alikitaka. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati alisema mila ni mila: dada wa mama ni mama, na dada wa tumbo moja ni dada tu, hata alee mpaka aote mvi. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza mbele yao mtoto alivaa sketi ya rangi gani sekondari. Hakujua. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya chakula.

Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati yetu anachezea simu. Akasema bila kuinua uso, "Jamani, keki nitaamua mwenyewe. Niacheni nipumue." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikalainika kidogo. "Dada, mchango wako ni sanamu za juu ya keki. Mimi na mwenzangu. Nani mwingine atazifanya?"

Nilifurahi kama mtoto, sioni aibu kusema. Nilimtazama mama mkubwa nikaona kabisa kipande kile kinakuja kwangu.

Sasa ni lazima niseme mdogo wangu anafanya kazi gani, maana bila hilo ugomvi wetu hauna kichwa wala miguu. Ana duka la vipodozi, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mbele ameweka mafuta ya nywele na manukato, nyuma ya pazia ana ndoo, na ndani ya ndoo anachanganya mkorogo: krimu hii, sindano ile, tone la kitu ambacho hata yeye hakijui jina, mpaka mwanamke aliyeingia mweusi atoke akiwa na matumaini ya kuwa mweupe. Yeye mwenyewe alikuwa anautumia kwa miaka sita. Sisi wawili tulikuwa na kazi moja, kuchanganya rangi za ngozi za watu, ila za kwangu haziwaunguzi juani.

Nilikuwa nimemtukana kwa hilo dukani kwake, mbele ya wateja, mara mbili. Tangu mara ya pili aliacha kuniamkia. Akija kwangu alikuwa anasema "Mambo?" kama tunavyosalimiana na wauza vocha, na mimi kwa ubishi nilikuwa namjibu "Marahaba." Tulikaa hivyo zaidi ya mwaka mzima.

Sanamu zilichapwa na jamaa mmoja wa Gerezani mwenye mashine. Unampa picha za mtu alizopigwa pande zote, mashine inalia mchana kutwa, na jioni mtu anatoka akiwa wa plastiki ya kijivu. Hawa niliwaagiza moja kwa kumi: kila sentimita ya sanamu ni sentimita kumi za mtu, kwa hiyo bibi harusi alitoka na urefu wa shibiri moja hafifu, ameshika maua kwa mikono miwili mbele ya kitovu, amevaa viatu vya wazi.

Bwana harusi alikuwa rahisi. Ana weusi wa kawaida wa mwanamume anayeshinda nje, na weusi wa namna hiyo ndio raha ya kazi hii ukiujua. Unaanza na praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, juu yake unapaka wekundu mzito wa zambarau iliyoiva, ukikauka ndipo unaleta rangi yenyewe, nyepesi kama chai iliyozidi maji, koti juu ya koti, ndivyo tunavyoita tabaka za rangi, mpaka wekundu wa chini uonekane kama damu iliyo hai. Kivulini huweki nyeusi, ukiweka mtu anakuwa kama ameshika sufuria ya kuni. Unaweka buluu kidogo. Panapong'aa huweki nyeupe, ukiweka unamtia majivu. Unaweka chungwa. Viganja vina rangi yao, na mdomo wa juu na wa chini si ndugu. Siku mbili, bwana harusi akawa amesimama mezani anapumua.

Kwa bibi harusi nilifanya kosa, na ni kosa ambalo huwa nawafokea wengine kwa kulifanya. Nina utaratibu wangu. Sipaki mtu nisiyemuona. Namkalisha dirishani kati ya saa nne na saa sita, kabla ukuta wa kijani wa jirani haujaanza kurusha rangi yake ndani, nachovya kipande cha karatasi kwenye rangi niliyochanganya, nakiweka kwenye shavu lake, natazama. Kikipotea kwenye shavu, nimepatia. Kisipopotea, narudi kwenye kisahani cha rangi. Mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu, picha iliyosafishwa na simu yenyewe mpaka uso ukawa kama sahani mpya, nikaifuta. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini sikumwita aje dirishani. Nilisema wa nini, huyu namjua, nimemuogesha.

Nikachanganya rangi yake kwa kumbukumbu, nikaipima kwenye mkono wangu mwenyewe. Siku tatu sikupokea kazi nyingine. Nilimpaka ule weusi wake wa zamani wenye shaba kwenye mashavu, aliokuwa nao akitoka shule anakimbia, na nilipomaliza macho nikamweka mezani nikalia. Alikuwa ametoka mama kabisa, amevaa gauni la harusi.

Mwenyewe alikuja Jumamosi saa tano, na mfuko wa viatu begani.

"Mambo?"

"Marahaba."

Alichukua sanamu, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Huyu ni wewe, dada. Umejipaka wewe mwenyewe ukavaa gauni langu."

"Hiyo ni rangi ya mama," nikasema.

"Mama alishakufa. Anayeolewa ni mimi."

Nilimwambia yeye ndiye alikuwa na rangi ile, kabla hajaitumbukiza kwenye ndoo. Akasema alikuwa nayo, ndiyo, kwani sendofu hii ni ya mtoto wa darasa la tatu? Nikamwambia anaona aibu ya kufanana na aliyemzaa. Nikamwambia wateja wake wanatembea mjini na nyuso za kubandika. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa, na yeye alinisikiliza yote huku amesimama na sanamu mkononi, mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa na mimi nikuulize. Nani alikuwa ananifunga kanga mpaka puani tukienda sokoni? Nani alikuwa ananiambia toka juani, utaungua uwe kama mimi, hutapata mtu? Nilikuwa na miaka kumi, dada. Nilikuwa nakusikia. Mama hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja. Wewe ndiye uliniambia. Leo unapanda juu ya meza kunihubiria. Kweli nyani haoni kundule."

Nilikuwa nimeyasema, na siyo mara moja. Nilikuwa na miaka ishirini, kuna mtu alikuwa ameniacha na kunieleza sababu bila kuficha, na mtoto ndiye aliyekuwa karibu. Ningeweza kumwambia hivyo siku ile, pale pale, na pengine habari hii ingeishia hapo. Badala yake nilihisi hasira inanipanda kutoka miguuni, ile hasira ya mtu aliyekamatwa.

"Kaa dirishani," nikamwambia. "Nitakupaka ulivyo."

Akakaa. Alidhani ameshinda, akalegea, hata akaanza kunisimulia habari za mpambaji wa ukumbi. Mimi nilikuwa nachovya karatasi. Uso peke yake ulinichukua karatasi sita, maana ngozi iliyochubuliwa haina rangi moja: ina pinki ya juu, manjano chini yake, na kijani cha mishipa kinachochungulia penye kidevu. Sikio lilikuwa la mtu mwingine. Shingo ilikuwa imebaki nyuma. Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya goti langu, nikapima vifundo vya vidole.

Hapo ndipo mkorogo unaposhindwa. Uso unakubali, mikono inakubali, lakini vifundo vinakataa, vinazidi hata kuwa vyeusi kuliko alivyozaliwa navyo mtu. Mjini tunaziita sugu. Mwanamke anaweza kuuficha umri wake, sugu hazifichiki, na ndiyo maana wanaochamba wenzao kwa maneno huanzia kwenye vidole.

"Hizo sugu usiziweke, bwana," akasema. "Kuna dawa nimeagiza, mpaka siku yenyewe zitakuwa zimetoka."

"Nimesikia," nikasema.

Akaondoka anaimba. Nikaichukua sanamu, nikaizamisha kwenye spiriti, nikamfuta mama kwa mswaki wa zamani mpaka plastiki ya kijivu ikarudi.

Uso nilioupaka wiki ile ndio uso bora niliowahi kuupaka. Sikuupendelea wala kuuonea. Ulikuwa yeye, mwanamke mzuri wa miaka ishirini na kitu, mwenye pinki ya mkorogo na macho ya nyumbani kwetu. Nilimpigia picha kuanzia mabegani kwenda juu, nikamtumia. Akajibu papo hapo: "Dada umeua!!" na mioyo haina idadi. Akaongeza: "Nimeamua ile ishu ya keki. Usijali."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimeshika brashi. Ningeiweka chini. Mtu mwenye akili angeiweka chini. Lakini maneno ya kanga na jua yalikuwa bado yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mimi nikikwama siwezi kutulia mpaka na mwingine akwame. Mchana wa siku ile nikapaka mikono. Nilipaka sugu nane kwenye vidole vilivyoshika maua, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta, kwa brashi yenye unywele mmoja uliobaki, koti tano tano, zambarau kwanza, buluu, na juu yake ule weusi wenye kijivu. Nikashuka miguuni, nikapaka na vifundo vya vidole vilivyojitokeza kwenye viatu vya wazi. Nilijiambia napaka ukweli. Nilikuwa najidanganya. Nilikuwa nampiga.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Sanamu ya shibiri moja, meza ya keki iko mbele, wageni wako hatua kumi na zaidi: hakuna jicho litakaloona punje ya ufuta kwa umbali ule. Atakayeona ni yeye tu, akiinama kukata keki. Ataziona, ataelewa, atanitafuta kwa macho, na hatutahitaji kusema neno. Ndivyo nilivyotaka, kitu cha mimi na yeye. Asubuhi ya sherehe nikazifunga sanamu kwenye boksi, nikazipeleka mwenyewe kwa mwokaji wa keki.

Ukumbi ulikuwa Magomeni. Mimi nilivaa sare ya familia, nikakaa meza ya mbele, kiti kimoja kutoka kwa mama mkubwa, na mama mkubwa alikuwa amenisalimia kwa upole ulionitia moyo, upole wa mtu aliyeambiwa kitu asichokipenda. Chakula kikaja baadaye, kama kawaida keki ilitangulia. Bibi harusi akaingia, akacheza, akasimama nyuma ya keki na mwenzake. Mshereheshaji akamwita mtu wa kamera asogee.

Kila ukumbi wa siku hizi una skrini kubwa ukutani, hata wa Magomeni. Ninajua. Nimekaa kwenye sendofu zisizohesabika nikitazama skrini hizo. Na katika hesabu yangu yote ya macho na hatua sikuikumbuka, maana katika kazi yangu vitu havikui, vinapungua tu. Ni mimi ninayewafanya watu wadogo. Haikunijia kwamba kuna mtu na kamera yake anaweza kumchukua mtu wangu wa shibiri moja akamfanya awe na kimo cha ukuta.

Ulianza uso. Ukumbi ukasema "aaah!" na vigelegele vikapanda, na mshereheshaji akasema, "Jamani, hii sanamu au wamemkausha bibi harusi mwenyewe?" Watu wakacheka vizuri. Kamera ikashuka taratibu shingoni, kifuani, kwenye maua, ikasimama kwenye mikono. Vidole vilijaa skrini, kila kimoja kinene kama ndizi mkono wa tembo, na juu ya kila kimoja sugu yake, na mpaka wake wa kijivu na mikunjo yake, safi kabisa.

Nitasema ukweli wote. Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa fahari. Kazi ilisimama hata kwa ukubwa ule.

Mshereheshaji akaisogelea skrini, akainamisha kichwa upande. "Huyu fundi siyo mtu mzuri!" akapaza sauti. "Kapiga mpaka sugu! Jamani wa mkorogo, mikono chini ya meza!"

Ukumbi ukapasuka. Upande wa bwana harusi niliwaona wanawake wakijifunika midomo kwa mapepeo yao, mmoja akampiga mwenzake begani. Bwana harusi mwenyewe alicheka, kisha akamtazama bibi harusi pembeni yake akaacha. Mdogo wangu alitazama skrini. Akatazama mikono yake iliyoshika kisu, sugu zile zile mahali pale pale, maana dawa aliyoagiza haikuwa imefanya kitu. Ndipo akanitafuta. Alinipata mara moja. Hakuwa na machozi, na uso wake haukuwa na hasira niliyoitegemea. Alinitazama kama mtu anayesoma bei, kisha akarudisha macho kwenye keki, wakakata.

Fahari ilikuwa imeshaniondoka kitambo. Nilitaka kusimama nikaizime ile skrini kwa mikono yangu, na nikabaki nimekaa.

"Keki ya mama!" mshereheshaji akatangaza. "Tusimame, jamani, bibi harusi anamlisha mama!"

Alikuja moja kwa moja kuelekea meza yetu, na sahani mkononi, anacheza taratibu kama inavyotakiwa. Nilianza kujisogeza kwenye kiti. Alipofika alinipita kwa upana wa gauni lake, likanigusa goti, akapiga magoti mbele ya mama mkubwa. Mama mkubwa alishtuka. Niliona wazi kwamba hakukitegemea kipande kile, akanigeukia mimi kwanza kama anayeomba ruhusa, kisha akafungua mdomo.

"Makofi kwa mama mlezi!" mshereheshaji akasema. "Mama aliyelea! Mama aliyehangaika na huyu mtoto!" Na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi.

Zikafuata keki za wajomba, za marafiki, za kamati. Nilihesabu vipande kwenye sinia. Nilijiambia bado kuna cha dada, hata cha dada nitakipokea, nitamuomba radhi hapo hapo sikioni. Kipande cha dada hakikuitwa. Karibu na mwisho mdogo wangu aliomba kipaza sauti, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na mshereheshaji akampa.

"Naomba na mafundi wangu wote waje mbele," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya dukani. "Watu wamefanya kazi. Mpambaji, mpishi, mwokaji wa keki, mpiga picha, kaka wa muziki. Na fundi wa sanamu."

Sikuinuka mara moja. Mama mkubwa alinishika mkono, akaniambia kwa kunong'ona nisiende, nikae na familia. Lakini wageni walikuwa wameshageuka wanamtafuta fundi wa sanamu, na kukaa kungekuwa na maneno zaidi kuliko kwenda. Nikaenda na sare yangu ya familia, nikapanga mstari kati ya mpishi na kaka wa muziki.

Alitulisha mmoja mmoja kwa uma ule ule na tabasamu lile lile, amesimama wima, maana kwa fundi hupigi magoti. Aliponifikia akaweka kipande mdomoni mwangu kwa uangalifu, asinichafue.

"Asante sana, fundi," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. "Umenipatia kabisa."

Watu wakashangilia. Mshereheshaji akarukia pale pale, "Bibi harusi, hapa nina kina dada wana sherehe zao, wananiuliza namba ya huyu fundi. Tutajie namba, tuandike!"

Mimi nilikuwa na keki mdomoni, siwezi kusema wala kumeza. Mdogo wangu alinitazama kwa mara ya mwisho usiku ule.

"Namba yake sina," akasema, akarudisha kipaza sauti.